Kitabu cha Aliyefika Mwisho

Asubuhi katika nyumba ile ilianza na mlango wa nyuma. Ukisikia komeo limevutwa, ujue Mama ametoka kwenda kukimbia. Ukilisikia tena, ujue amerudi, na hapo hakuna mtoto wa kuendelea kujifunika shuka, maana maji ya chai yameshawekwa motoni na jina lako limeshaitwa. Mama alikuwa fundi wa kushona nguo. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, chenye dirisha pana la kuelekea barabarani, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ndefu ya kukatia vitambaa na pasi nzito kuliko mtoto mchanga. Mteja wa alfajiri alikuta mlango umefungwa, kwa kuwa fundi alikuwa barabarani na raba zake kuukuu.

Na tuseme ukweli, mbio zenyewe zilikuwa mbio kwa jina tu. Mama alikwenda mwendo ambao kuku aliyeshiba angeweza kumpita. Hakuwahi kushinda chochote maishani na wala hakuwa na nia hiyo. Alikimbia kwa sababu alipenda, basi, kama wengine wanavyopenda kuimba wakioga. Na kitu alichokipenda karibu sawa na kukimbia kilikuwa kusoma vitabu vya watu wanaokimbia. Awe bingwa, awe mzee aliyeanza juzi, ilimradi ana raba miguuni na njia mbele yake, Mama alitaka kujua alipumua vipi mlimani na alifikiri nini alipochoka.

Binti yake alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu, na shuleni walimpachika jina la Mshale, kwa kuwa akishaachiwa haonekani tena. Alimpenda mama yake, lakini mwendo ule wa kuku ulimtia aibu kidogo, na vile vitabu ndivyo hakuvielewa hata chembe. Zamani, Mama alipokuwa na kazi nyingi mikononi, alikuwa akimwomba amsomee japo ukurasa mmoja.

"Mbio hazisomwi, Mama," Mshale alijibu akicheka. "Mbio ni miguu." Kisha akatoka kwenda kucheza.

Mama aliomba mara ya pili, akaomba ya tatu, halafu hakuomba tena. Akawa anajisomea mwenyewe vipandevipande: mistari miwili akingoja pasi ipate moto, mistari mitatu mteja akijaribu nguo nyuma ya pazia.

Ndipo alipokuja Kinyonga. Huyu alikuwa mtoto wa mama mdogo, mwaka mmoja nyuma ya Mshale. Mama yake alikwenda mji mwingine kusomea uuguzi, naye akaletwa kwa Mama Mkubwa akae mpaka masomo yaishe. Jina hilo alipewa na Mshale siku ya kwanza tu, alipoona mwenziwe anavyotembea: anaweka mguu, anafikiri, ndipo anauweka wa pili. Mtoto mwenyewe alicheka, akalikubali jina. Hakuwa na makuu. Asubuhi ya pili alivaa viatu vyake vya shule, akaandamana na Mama Mkubwa barabarani bila kuambiwa na mtu, wakaenda pamoja kwa mwendo uleule wa kuku.

Hayo Mshale angeyavumilia. Yaliyomshinda yalikuwa ya jioni. Kinyonga aliona kitabu kimelala juu ya meza ya kukatia, akauliza kama anaweza kukisoma kwa sauti. Mama alisimamisha cherehani. Akamvutia kigoda, akamweka karibu na goti lake la kushoto mahali taa inapoangaza vizuri, na tangu jioni hiyo mambo yakabadilika.

Kitabu kilikuwa cha mlinzi wa ghala mmoja aliyeanza kukimbia ili asisinzie kazini, akaishia kuyapenda mashindano ya mbali, na mbwa wake akimfuata nyuma. Kinyonga alisoma, Mama akashona. Lakini mwangalie miguu yake kwenye cherehani. Mlinzi akiteremka, cherehani ilikwenda mbio, ta-ta-ta-ta, na mlinzi akipanda mlima, cherehani nayo ilipanda mlima, ta, ta, ta, mpaka mteja aliyekaa pembeni akangoja suruali yake ishushwe kutoka huko kileleni. Mbwa akifanya vituko, wote wawili walicheka mpaka sindano ikasimama.

Mshale aliyasikia yote kutoka chumba cha pili. Kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mezani walimzungumzia mlinzi kama jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na Mshale akawa hana la kuchangia. Mama alimshonea Kinyonga bukta ya kukimbilia kwa mabaki ya kitambaa cha bluu. Mabaki tu, lakini Mshale aliiangalia bukta ile ikining'inia kwenye kamba, akaona roho inamuuma. Zaidi ya yote, Mama alianza kumwita Kinyonga "msomaji wangu". Wangu! Mtu kaja jana na begi moja, leo kashakuwa wa mtu.

Alijaribu kujiambia kwamba hajali. Lakini wivu hauna adabu, ukiufungia mlangoni unaingilia dirishani. Akawa anahesabu moyoni nani kaitwa kwanza, nani kajaziwa kikombe, nani kaguswa kichwa. Kinyonga alipomtandikia kitanda, Mshale alisema anajipendekeza. Asipomtandikia, alisema mvivu.

Siku ya Alhamisi alitoka shuleni akikimbia njia nzima. Mwalimu wa michezo alikuwa amewajaribu wasichana wote, na Mshale alikuwa amewaacha mbali. Wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa, zingefanyika mbio za kuchagua watakaowakilisha shule, na mwalimu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba nafasi ni yake. Aliingia dukani akihema, akaanza kusimulia. Mama aliinua kidole kimoja bila kugeuka.

"Hongera, mwanangu. Ngoja kidogo tu, mlinzi yuko mlimani."

Ilikuwa sentensi ndogo, na Mama aliisema kwa upendo. Baada ya dakika chache alimwita amalizie habari yake, akaisikiliza yote, akampongeza tena. Lakini Mshale hakusikia kitu. Yeye, mwenye miguu ya kweli, alikuwa amesimamishwa mlangoni amsubiri mtu wa kwenye karatasi. Jioni ile alikata shauri. Kitabu kile lazima kitoke mikononi mwa Kinyonga.

Sasa, kitabu chenyewe hakikuwa cha Mama. Kilikuwa cha kikundi cha wakimbiaji wa mtaani, watu wazima wenye vitambi na magoti yanayolia, waliojiita Jasho la Jumamosi. Mwenyekiti wao alikuwa kinyozi wa pale kona, mtu wa mzaha aliyekuwa na nywele timutimu, na akiulizwa alikumbusha kwamba kinyozi hajinyoi. Vitabu vilikuwa vichache na wasomaji wengi, basi walijiwekea sharti. Kila Jumamosi wanakimbia pamoja kutoka kwenye duka la kinyozi, wanapita nyuma ya soko, wanalizunguka tangi la maji na kurudi, na atakayefika mwisho ndiye anayekwenda na kitabu wiki nzima. Kinyozi alieleza kwamba wa kwanza ana sifa zake, na wa mwisho naye apewe cha kumliwaza. Kwa sharti hilo kitabu kilikaa kwa Mama karibu muda wote. Walimtania kwamba polepole yake ile ni ujanja wa msomi.

Mshale alikuwa amewahi kukimbia nao mara mbili tatu. Kila mara alifika peke yake, akanywa maji, akaenda zake nyumbani kabla wengine hawajaonekana. Sharti la kitabu alilijua. Safari hii alitaka kufika mwisho. Fikiria shida yake, msomaji: mtoto ambaye maisha yake yote ameomba awe wa kwanza, sasa anapanga namna ya kuwa wa mwisho, na kwa miguu ile hata akijikokota atawapita wazee wale. Alikumbuka kiwanda cha matofali kilicho kando ya njia, jirani na tangi la maji. Angejificha nyuma ya malundo ya matofali, awaache wote wapite, halafu ajitokeze nyuma yao taratibu.

Jumamosi alipomwambia Mama kwamba anataka kwenda nao, Mama alifurahi mpaka akamfunga kamba za viatu kwa mikono yake, kama alivyokuwa akimfungia alipokuwa mdogo. Mshale aliangalia pembeni.

Mambo yalikwenda kama alivyopanga. Alitangulia, akaingia kiwandani, akachuchumaa kati ya malundo mawili. Aliwasikia wakipita mmoja mmoja na mihemo yao. Mwisho kabisa zilikuja hatua mbili pamoja, nzito na nyepesi, na sauti ya Mama ikisema kwamba mlinzi angekuwa hapa angewashauri walegeze mabega. Kinyonga akacheka. Mshale alijibanza zaidi. Ili awe na uhakika alikaa na kukaa, mpaka matofali yalipoanza kuwa ya moto mgongoni.

Lakini kikundi kile kilikuwa na sharti la pili, na hilo Mshale hakulijua, kwa sababu hakuwahi kungoja mtu. Hakuna anayekwenda nyumbani mpaka wote wameonekana. Basi Mama alipofika akauliza binti yake yuko wapi, na kila mtu akajibu kwamba hakumwona, chupa za maji ziliwekwa chini. Mtoto mwepesi kuliko wote hajafika. Kuna barabara ya kuvuka pale, kuna malori ya matofali, kuna shimo la udongo. Wakageuka wote, na magoti yao yanayolia, wakairudia njia.

Mshale alisikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Mwanzoni hakuelewa. Kisha akaisikia sauti ya Mama, na haikuwa sauti aliyowahi kuisikia. Ilikuwa imepasuka. Alichungulia akamwona Kinyonga mbele ya watu wote, anakimbia, yule wa kuweka mguu na kufikiri, anakimbia kweli na bukta yake ya bluu, kiatu kimoja kimemtoka, analia "Dada! Dada!" huku akichungulia kila lundo. Nyuma yake alikuja Mama, mkono mmoja kifuani.

Hapo ndipo alipopaswa kusema ukweli. Lakini aliona nyuso zile zote, akaona aibu inayomngoja, na uongo ukamtoka mdomoni kabla hajauita.

"Nimeteguka mguu," alisema. "Nilishindwa kutembea."

Mama alimkumbatia, akamfuta vumbi la matofali usoni. Kinyozi alimbeba mgongoni mpaka dukani kwake. Mwoka mikate, mama mnene mcheshi aliyekuwa mtunza vitabu wa kikundi, alifika akifuta jasho na kusema kwamba sharti ni sharti, huyu ndiye wa mwisho leo, na tena ameumia, apewe kitabu kimliwaze. Wote wakapiga makofi. Kinyonga ndiye aliyemletea kitabu mkononi, mguu wake mmoja mtupu umejaa vumbi na mchubuko. Mshale alikipokea. Alikuwa amepata alichokitaka, na kilikuwa kizito kuliko alivyofikiri.

Njia ya mwongo fupi, walisema wa kale, lakini fupi hiyo ikikupasa uitembee ukichechemea ni ndefu mno. Mama alimfunga mguu wa kulia kwa bandeji, akamkataza kukimbia mpaka apone. Jumatatu alimwandikia mwalimu wa michezo kumwarifu. Mshale alikuwa amesahau kabisa mbio za Ijumaa, na alipokumbuka, barua ilikuwa imeshafika. Kusema asingeweza. Kunyamaza kulimaanisha kukosa nafasi yake. Akanyamaza.

Kinyonga alimbebea begi kwenda shule na kurudi. Alifagia zamu yake, akaosha vyombo vya zamu yake, akamletea maji ya kunawa. Mshale alichechemea huku na huku. Kuna asubuhi alichechemea mguu wa kushoto mpaka getini, akashtuka, akahamia wa kulia. Aligeuka kuangalia kama kuna aliyeona. Kinyonga alikuwa nyuma yake na mabegi mawili, anatazama chini, anaweka mguu, anafikiri, anauweka wa pili.

Na kitabu je? Siku ya kwanza alikiweka chini ya mto wake, asikisome, ilimradi wengine wasikipate. Jioni aliisikia cherehani ikienda chumba cha mbele, peke yake, mwendo mmoja, hakuna kupanda wala kushuka. Hakuna aliyecheka. Alitegemea kwamba nafsi yake itafurahi, ikakataa. Siku ya pili, kwa kukosa la kufanya, maana mgonjwa haendi kucheza, alikifungua.

Alisoma ukurasa wa mlinzi kwenye mlima. Kitabu kilisema kwamba ukikaribia kileleni kuna mahali mapafu yanakuambia simama, na miguu inakuambia bado, na wewe uko katikati kama mzazi wa watoto wawili wanaogombana. Mshale alikaa kitako. Alipajua mahali pale. Alikuwa akipafikia kila mara kwenye kona ya mwisho ya uwanja wa shule, na hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakujua kwamba kuna maneno yake. Aliendelea. Alifika pale mbwa alipoingia katikati ya mashindano ya watu na kuvishwa medali, akacheka kwa sauti, akainua kichwa amtafute wa kucheka naye. Kulikuwa na ukuta na kitanda kilichotandikwa vizuri.

Alitaka kwenda kumuuliza Mama kama naye hupafikia mahali pale. Alitaka sana. Lakini angemuuliza vipi, na huku amekaa juu ya uongo? Basi akakaa na kitabu chake, na wivu ukaanza upya, safari hii kwa kitu ambacho hakikuwepo tena: aliwaonea wivu wale wawili wa wiki iliyopita, waliokuwa wakicheka pamoja kabla yeye hajawanyang'anya.

Ijumaa ilifika. Mshale aliwekwa kwenye benchi kando ya uwanja na bandeji yake. Binti wa mchomelea vyuma, ambaye hakuwahi kumwona Mshale ila kisogo, alishinda. Hakukimbia vibaya, masikini. Alikuja mpaka kwenye benchi akahema, akasema, "Ungekuwepo nisingeshinda, pona haraka." Mshale alimpongeza kwa midomo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa chini kabisa, anatazama juu. Hakuna aliyemsukuma.

Kinyonga alikuja na mabegi mawili. Walipofika nusu ya njia Mshale alisimama, akainama, akafungua bandeji yote, akaikunja.

"Mguu wangu ni mzima," alisema.

"Najua," Kinyonga akajibu. "Tangu siku ile ulipobadilisha mguu."

Mshale aliduwaa. Aliuliza kwa nini basi alikuwa anambebea begi, na kwa nini hakumwambia Mama.

"Nilikuona unasoma, dada. Nikasema acha amalize kwanza." Kinyonga alifikiri kidogo, kama kawaida yake. "Umefika pale mbwa anapovishwa medali?"

Mshale alichukua begi lake, akachukua na la Kinyonga. Macho yalikuwa yamejaa, akamwambia ni vumbi.

Dukani, Mama alikuwa anapiga pasi kola ya shati. Mshale hakuzunguka. Alisema yote kwa mpangilio, malundo ya matofali, uongo, bandeji, na sababu yake, kwamba aliona wivu kwa ajili ya kitabu, na kwa ajili ya kicheko, na kwa ajili ya bukta ya bluu ambayo ilikuwa ya mabaki tu. Mama aliisimamisha pasi.

"Unajua nilipokuwa nakuita pale kwenye matofali," alisema, "nilikuwa nimeshakuona umekufa? Nilikuwa nimeshafika shimoni moyoni mwangu, nimeshatazama chini."

Mshale alilia, na Mama akamwacha alie. Hakumpiga, wala hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba kesho atasimama mbele ya kikundi na kuwaeleza mwenyewe, kwa sababu wale ni watu wazima waliorudia njia na magoti yao kwa ajili yake. Na Jumatatu atamweleza mwalimu, na nafasi ya binti wa mchomelea vyuma itabaki kuwa ya binti wa mchomelea vyuma.

Kusema mbele ya mama yako ni kazi, lakini kusema mbele ya Jasho la Jumamosi ni kazi mara mbili. Mshale alisimama mlangoni kwa kinyozi, akaeleza. Mwoka mikate, aliyekuwa amepiga makofi kuliko wote, aliinamisha kichwa. Kinyozi alikuna nywele zake timutimu.

"Nimekubeba mgongoni, wewe mtoto, na mgongo bado unauma," alisema. "Basi sikia. Mwezi huu wewe ndiye mkia wetu. Unakimbia nyuma ya mtu wa mwisho, uhakikishe hapotei yeyote."

Wote wakaikubali adhabu hiyo. Asubuhi ile Mshale alikimbia nyuma ya Mama na Kinyonga, mwendo wa kuku aliyeshiba. Mwanzoni miguu ilimwasha, ikitaka kwenda. Kisha akaanza kuona vitu ambavyo hakuwahi kuviona kwa kasi yake: Mama anavyotabasamu peke yake akifika kwenye mteremko, Kinyonga anavyoning'iniza mikono. Karibu na tangi la maji, penye kilima, aliwasogelea, akamuuliza Mama kama naye hufika mahali ambapo mapafu yanasema simama na miguu inasema bado.

Mama aligeuka kumtazama, karibu ajikwae. "Kila siku," alisema. "Kila siku ya Mungu, mwanangu. Nilidhani ni mimi na mlinzi tu."

Walipofika, wote walikuwa wameshakunywa maji. Mwoka mikate alisimama na kitabu mkononi, akamtazama kinyozi, kinyozi akamtazama yeye. Mkia ndiye aliyefika mwisho, na sharti ni sharti. Wakampa Mshale kitabu, na safari hii hakuna aliyempigia makofi, lakini mwoka mikate alimfinya shavu.

Jioni Mshale aliingia dukani na kitabu. Mama alikuwa kwenye cherehani, na Kinyonga alikuwa kwenye kigoda chake cha kushoto. Mshale alimkabidhi Kinyonga kitabu, akasema atakaa sakafuni asikilize. Mama akamwambia angoje. Upande wa kulia wa cherehani kulikuwa na kapu la mabaki ya vitambaa, limekaa pale miaka yote. Mama alilinyanyua, akaliweka kando. Lilikuwa limekaa juu ya kigoda, kidogo, cha mtoto, kimefunikwa vumbi.

"Hiki nilikinunua siku niliyoleta kitabu cha kwanza nyumbani," Mama alisema akikipangusa kwa kitambaa. "Kilikuwa chako. Nilikuomba ukikalie, ukasema mbio hazisomwi. Vitambaa vimekikalia kwa sababu mwenyewe hakuja."

Mshale alikitazama kigoda.

"Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu. Unamfanya mtu apiganie kiti cha mwenziwe, na chake kinaota vumbi. Ungeniambia tu kwamba unataka kukaa nami, hata siku moja, ningesimamisha cherehani. Na mlinzi angengoja, ana miguu ya karatasi. Siku nyingine ukiona roho inakuuma, usijifiche nyuma ya matofali. Njoo uniambie, namwonea wivu fulani. Neno hilo halijamuua mtu."

Akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakamfika karibu na kidevu, na Kinyonga akacheka, na Mshale naye akacheka. Kinyonga alimrudishia kitabu, akamwambia aanze yeye, maana yeye anajua hadithi ilipofikia. Mshale alifungua pale mlinzi anapopanda mlima mwingine, akaanza kusoma, haraka, kama anavyofanya mambo yake yote, maneno yakipandana migongoni.

Mguu wa Mama ukatulia kwenye cherehani.

"Taratibu, Mshale," alisema. "Bado tuko mlimani."